Bakuli la Mgeni

Kuwadani, 9 Februari 1984

Mama yangu,

Nisamehe kwa kukaa kimya. Nilikuahidi kadi siku ile ile nitakayofika, na sasa wiki mbili zimepita na hata bahasha sijanunua. Hii nimepewa na mwenye nyumba. Mchana Suzu hanipi nafasi, na akilala na mimi nalala. Unaendeleaje? Goti limepoa? Ile dawa ya kuchua unaitumia au bado imekaa juu ya televisheni kama pambo? Sisi ni wazima. Suzu ana mafua kidogo lakini anakula vizuri.

Tulikuja kwa siku tatu, unajua. Siku ya pili theluji ikaanza kuanguka, asubuhi yake basi halikuja, na mpaka leo halijaja. Wageni wengine waliteremka kwa miguu pamoja na wanaume wa kijiji. Mimi nilikatazwa, kwa sababu ya mtoto, ila barua hii watanipelekea wakiteremka tena.

Nyumba hii ya wageni ya mama yake Yosuke iko kama marehemu alivyokuwa akiisimulia, ila baridi yake aliipunguza. Moto wa katikati ya sebule hauzimwi, maana moshi ndio unaozuia nyasi za paa zisioze. Nguo zangu zote zinanuka kama samaki wa kukaushwa. Suzu mwenyewe ananuka hivyo hivyo na hajali.

Sijamwambia mimi ni nani. Nilijiandikisha kwa jina letu sisi, si la Yosuke. Ndiyo, nakumbuka ulivyonikataza. Lakini huyu ni mtu aliyepelekewa telegramu ya kifo cha mwanawe akanyamaza miaka miwili. Nilitaka kwanza nimtazame nikiwa mgeni anayelipa, ili nikitaka kuondoka niondoke tu. Nikishamtazama nitajua kama Suzu ana bibi mmoja au wawili.

Anaitwa Bi Fumie. Mfupi, mgongo umepinda, maneno yake ni ya kuhesabu. Mimi ananiita Mgeni. “Mgeni, sogea motoni.” “Mgeni, maji ya kuoga tayari.” Suzu anamwita Mgeni Mdogo, na Suzu anaitika. Jioni ya kwanza alitupakulia wali, supu na achari ya figili. Nilipomaliza nikatia chai bakulini, nikalisugua kwa kipande cha figili, nikanywa chai na kukila kile kipande, kama nilivyozoea. Akanikazia macho. Nikadhani nimekosa adabu ya ugenini. Lakini tangu siku hiyo ananijazia wali mpaka unafanya kilima.

Barabara ikifunguliwa tutarudi. Ukipita pale shule ya watoto wadogo, waambie nafasi bado tunaitaka.

Naomba unitumie nepi za usiku, dawa ya mafua ya Suzu (ile ya maji, vidonge anatema), na soksi nzito.

Mwanao,
Kozue


Sakai, 17 Februari 1984

Kozue,

Barua imefika. Goti ni goti tu. Dawa ya kuchua naipaka, na pale bafu la umma ninapokaa kupokea wateja wananiambia, “Mama Setsuyo, leo unanuka kama mchezaji wa mieleka.” Nawaambia walipe wapite.

Sasa nisikilize. Ulikwenda kutazama, umeshatazama. Suzu amepata nafasi kuanzia Aprili. Unajua waliokosa ni wangapi? Mke wa muuza tofu ana watoto wawili na hakupata hata mmoja, analia mpaka tofu zinakuwa na chumvi. Lakini lazima ufike mwenyewe kuthibitisha kabla ya tarehe ishirini ya Machi. Niliwaambia nitakuthibitishia mimi. Yule bibi wa dirishani akasema, “Bibi, tunataka mhuri wa mzazi na uso wa mzazi.” Uso wangu nilimwonyesha, akasema si huo.

Na kule kiwandani msimamizi wako ameuliza. Nimemwambia theluji. Kwa sasa theluji inatosha.

Huyo mama simlaumu wala simsifu. Lakini mtu anayeletewa telegramu kama ile ananyanyuka. Mimi na goti langu ningekwenda, hata kwa kutambaa.

Ukirudi utakuta kila kitu mahali pake. Bakuli lako lenye picha ya sungura liko kabatini. Ulipoolewa shangazi yako alinikazania nilivunje mlangoni unapotoka, ndiyo desturi, binti asije akarudi. Nikamwambia avunje la kwake. Angalia sasa kama sikufanya vizuri. Nalisuuza kila Jumapili pamoja na langu.

Nepi ziko chini, dawa iko ndani ya soksi isivunjike. Peremende ni za Suzu, usimpe zote siku moja, na usizile wewe.

Mama


Kuwadani, 11 Machi 1984

Mama,

Vipi hali yako? Mzigo ulifika salama, dawa haikuvunjika. Peremende nilikula mbili tu. Suzu mafua yamekwisha.

Utakuwa umeona gazetini kwamba barabara imefunguliwa. Ni kweli. Basi lilianza kuja tena tarehe nne. Linageuzia hapa mbele, Suzu analipungia mkono, linaondoka.

Nikueleze jinsi ilivyokuwa, halafu utanigombeza.

Mwezi ujao ni zamu ya paa la nyumba hii kuezekwa upya. Kijiji kizima kinakuja kufanya kazi bila malipo, ndivyo wanavyosaidiana. Lakini nyumba yenyewe nayo lazima itoe mikono: ya kushika kamba, ya kubeba nyasi, ya kupikia watu wote hao. Nyumba isiyo na mikono zamu yake inapita, na paa hili halitafika zamu nyingine. Nimepanda darini nikaliona. Mahali pengine unaona mbingu.

Jioni ya tarehe tatu alikuja Bwana Genzo, jirani, ndiye anayepanga hizo kazi. Alikaa motoni, akanywa chai, akaongea habari za sungura na za mvua, ndipo akauliza.

“Haya Fumie. Nyumba yako ina mikono mingapi mwaka huu?”

Bi Fumie aliinamia kazi yake. Alikuwa anamenya figili. Aliitazama mikono yake, Mama, vidole vimepinda kama mizizi. Akaweka kisu chini, akaenda kabatini, akarudi mikono mitupu, akanigeukia.

“Bakuli lako liko wapi?”

Nilishtuka. Nilidhani yamevunjika mabakuli ya wageni, nami ndiye ninayeosha.

“Sikulivunja, Bibi. Nimeliosha, nimelirudisha kwenye rafu pamoja na mengine.”

“Hayo ni ya wageni. Nakuuliza lako.”

“Langu liko Sakai. Kwa mama yangu.”

“Liagize basi.”

Akachukua kisu akaendelea kumenya.

Bwana Genzo alicheka mpaka akapaliwa na chai. “Wewe binti! Nyie watu wa mjini mpaka mpigiwe tarumbeta? Huyu mwanamke tangu nimjue hajamwomba mtu hata chumvi. Hapo alipo amekuomba ubaki, mpaka jasho linamtoka.”

“Genzo, chai yako imeisha, nenda kwako,” Bi Fumie akasema. Hakwenda.

Nikamuuliza amejua tangu lini mimi ni nani.

“Siku uliyofika. Nani wa mjini anaosha bakuli kwa figili? Yule kijana wangu nilimfundisha mimi, kwa makofi.”

“Mbona hukusema?”

“Wewe ulisema?”

Halafu nikamuuliza la telegramu, mbele ya Bwana Genzo, maana nilijua nisipouliza hapo sitauliza tena. Alisema ilifika barabara imefungwa, kama mwaka huu. Ilipofunguliwa mazishi yalikuwa yamepita zamani. Na kwa kuwa yeye na Yosuke waliachana kwa maneno mabaya, akaona haya kufika mwisho kulia mbele ya watu waliokwisha kulia. Mwaka ukaisha. Baada ya mwaka, akasema, hakujua hata aanzeje kubisha hodi.

Sikumwambia haidhuru, kwa sababu inadhuru. Nilimwongezea chai.

Najua tarehe ishirini iko karibu. Nipe siku hizi chache nifikiri, nafikiri polepole nikiwa nimechoka. Lakini siku hizi nalala, Mama. Usiku mzima. Suzu akiamka, kuna mtu mwingine anayemsikia.

Jipake dawa.

Mwanao,
Kozue


Sakai, 22 Machi 1984

Kozue,

Tarehe ishirini nilikwenda kituoni, ule muda wa treni za kutoka kaskazini. Kulikuwa na upepo. Nikanunua maandazi ya maharagwe matatu, nikayala mwenyewe njiani kurudi.

Nafasi imepewa mdogo wa wale watoto wa muuza tofu. Mke wake amekuja kunishukuru kana kwamba mimi ndiye niliyempa. Ameleta tofu mbili. Nimezila, nilikuwa na njaa.

Kiwandani nimewaambia. Wamekurudishia aproni yako.

Goti halijambo.

Ukihitaji kitu kutoka hapa, andika.

Mama


Kuwadani, 3 Aprili 1984

Mama yangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara nyingi ingawa ni fupi. Sina la kujitetea kuhusu kituoni. Ningepaswa kuandika kabla ya ishirini na sikuandika, kwa sababu nilijua nitaandika nini.

Sikukukimbia. Nataka hilo ulishike. Pale Sakai nilikuwa namkabidhi Suzu kwa watu giza halijaondoka, nampokea giza limeingia, na katikati yake nawekea baiskeli za watu kengele. Hukukosea lolote wewe. Hapa nafanya kazi zaidi ya kiwandani, mikono yangu imepasuka, lakini nikigeuza shingo mtoto namwona. Na nyumba hii ni ya baba yake. Sitaki aje kuiona akiwa mkubwa, ikiwa mbao tu ndani ya majani.

Tarehe ishirini na tano walikutana wote kwa Bwana Genzo. Akauliza tena nyumba ya Fumie ina mikono mingapi. Bi Fumie akaniachia mimi. Nikasema, “Minne. Miwili ya kuamrisha na miwili ya kufanya kazi.” Watu wakacheka. Suzu akainua na yake. Bwana Genzo akasema, “Sita! Mwaka huu Fumie ana jeshi.” Tunaezeka tarehe ishirini na mbili.

Usidhani tunapendana. Jana tumegombana kwa ajili ya chumvi kwenye supu. Mgeni haniiti tena, ila jina langu pia bado halijamtoka, naitwa “wewe”. Suzu amepandishwa cheo, anaitwa Suzu. Na mimi bado nakula kwenye bakuli la mgeni. Kila jioni Bi Fumie analijaza, kisha ananiangalia.

Usije kunichukua, Mama. Njoo kunitembelea. Agosti bafu huwa halina watu, omba ruhusa. Bwana Genzo atakubeba kutoka kwenye basi, amesema amebeba magogo mazito zaidi yako. Nimemwambia hajakuona.

Nimesema ukweli wote. Sasa ninavyohitaji bado ni hivi: aproni yangu ya kiwandani, ni imara na siku ya paa nitaihitaji. Ile dawa ya kuchua, chupa moja, ni kwa magoti ya Bi Fumie. Usimwandikie chochote, yeye mwenyewe ataelewa. Picha ya Yosuke ile aliyocheka, siyo ya kwenye msiba. Kwenye madhabahu ya marehemu hapa nyumbani ana ya shule tu. Viatu vya mpira vya Suzu, sentimita kumi na sita. Najua sasa anavaa kumi na nne. Ni vya theluji ijayo. Bakuli langu la sungura. Lijaze pamba ndani, lizungushie gazeti nene, funga wewe mwenyewe. Na lako, Mama, lile la kahawia lenye ufa. Ukija Agosti, sitaki upakuliwe kwenye la mgeni.

Mwanao,
Kozue