Nimempatia Mume Wangu Mkwe

Mandawa, Jumapili jioni.

Joto la leo halisemeki. Mawingu yalikusanyika upande wa Ruangwa tangu asubuhi, yakatutazama, kisha yakaenda zake bila kudondosha hata tone. Mabibo yanaoza chini ya mikorosho na ua wote unanukia ulevi. Mwanangu Rehema amelala mkekani bila nguo. Baba yake yuko barazani anasahihisha madaftari ya darasa la sita.

Mimi nina furaha. Naandika hivyo hivyo bila kupamba, maana nikiwa na huzuni huwa najaza kurasa, na siku ya furaha naona aibu kuipa hata mstari mmoja.

Acha nieleze tangu mwanzo.

Mume wangu ni mwalimu wa Kiswahili. Ametoka Muheza, na anaamini kabisa kwamba Kiswahili kilizaliwa jirani na nyumba ya babu yake. Mimi ni mtu wa Mbinga, nimekua na Kimatengo, Kiswahili nilikikuta shuleni. Wakati wa uchumba nilimwandikia barua nzito ya mapenzi, nikalia huku naiandika. Akanijibu vizuri sana, na ndani ya bahasha akaniwekea ile barua yangu, imepigwa kalamu nyekundu toka juu mpaka chini. Nikaolewa naye hivyo hivyo. Kwa hiyo siwezi kusema sikujua.

Nyumbani nimezoea. Akinisahihisha nikiwa jikoni, namkabidhi mwiko aendelee yeye. Taabu ilikuwa Alhamisi.

Kila Alhamisi jioni kikundi cha kusikiliza redio hukutana barazani kwetu. Kiongozi wake ni mimi, kwa kuwa ni nesi wa zahanati na vipindi vingi ni vya afya. Mchana betri tunazianika juani zipate nguvu kidogo, jioni tunasikiliza, kisha redio inazimwa na watu wanajadili. Kipindi chenyewe ni sababu tu. Utamu uko kwenye mjadala. Majumbani watu wa hapa wanaongea Kimwera, wengine Kimakonde, wengine Kiyao, na barazani kwangu kila mtu anakuja na Kiswahili chake kama alivyokipata, sokoni au kwenye kisomo cha watu wazima. Mwanzoni wanawake walikuwa wanakaa nyuma kimya kama wamekuja msibani. Masika yote yalipita ndipo wakaanza kusema. Walipoanza, hakuna aliyeweza kuwazuia.

Mpaka Baba Rehema alipoanza kuhudhuria.

Hakuwa na nia mbaya, nalisema hilo kwa haki. Mtu akisema neno, yeye analirudia kutoka kitini kwake namna linavyotakiwa kusemwa, kwa upole, kama anakutoa uzi begani. Mzee mmoja alitolewa nyuzi nyingi mno jioni moja, akasahau alichotaka kusema, akacheka, akakaa. Alhamisi iliyofuata hakuja. Wengine walikuja lakini wakawa wanaitikia kwa kichwa. Nikiuliza swali, wananitazama mimi, halafu wanamtazama yeye, halafu wanatazama miguu yao.

Kisha ikawa zamu ya Mama Skolastika.

Huyu ni mjane wa Kimwera, anakaa zile nyumba za mwisho kabisa za kijiji, walikopangiwa watu waliohamia baada ya wengine wote. Kutoka kule kwenda kuchota maji bondeni ni safari. Sasa tumeambiwa tutachimbiwa kisima cha pampu, kimoja tu, na bwana maji wa wilaya atatoka Nachingwea kuja kusikiliza maoni ya kikundi chetu kabla hajaamua mahali. Wakubwa wa kijiji wanakitaka karibu na ofisi. Watu wa nyumba za mwisho wanakitaka kwao, na msemaji wao ni Mama Skolastika. Wenzake walishaniambia wazi: yeye asiposema, hakuna mwingine atakayesema.

Alhamisi ile alisimama ajaribu maneno yake mbele yetu.

"Maji inakauka—"

"Yanakauka," akasema mume wangu.

Akaendelea. Akasahihishwa tena. Akaendelea kidogo, akasahihishwa mara nyingine. Akajifunga kanga vizuri, akakaa chini. "Basi, Mwalimu ataongea," akasema. "Yeye anajua."

Tangu hapo hakufungua mdomo. Na bwana maji alikuwa njiani.

Watu walipoondoka nilimkabili mume wangu. Akanishangaa kweli kweli. "Mama Rehema," akasema, "nikimwacha mtu mzima akosee na mimi najua, hapo namheshimu au namdharau? Babu yangu alikuwa ananisahihisha tonge likiwa mdomoni. Leo namshukuru." Jibu lake mpaka leo sijalipata lote, maana kuna kweli ndani yake. Mtu anayekuacha ukosee miaka yote huku anacheka moyoni si rafiki yako.

Lakini kisima je?

Nilifikiri Alhamisi ijayo nimkanye hapo hapo barazani. Halafu nikajicheka mwenyewe. Nimkosoe mume wangu mbele za watu kwa sababu anawakosoa watu mbele za watu! Tungekuwa wawili.

Dawa niliipata njiani. Nilikuwa natoka zahanati pamoja na jirani yetu Damiani, kijana ambaye anaongea kuliko redio yetu. Alikuwa katikati ya habari ya korosho zake zilizokataliwa ghalani, mara akakata maneno, akatoka njiani, akasimama majanini macho chini. Mwanamke mmoja akapita, akamsalimia kwa mbali, naye akaitikia kwa sauti ambayo sikujua kama anayo. Alipotokomea, Damiani akarudi njiani na kuendelea pale pale alipoishia. "Mkwe wangu," akanieleza, kama mtu anayesema mvua imenyesha.

Nilifika nyumbani nikiwa nimeshaamua.

Maana hata kwao Muheza mkwe si wa kuchezea. Mama yangu mzazi alipokuja kututembelea, tukiwa ndio kwanza tumeoana, Baba Rehema alikuwa anakula kwa jirani siku zote ambazo mama alikaa kwetu. Mama alikuwa anaongea Kiswahili cha kuokoteza, maneno yamegongana huku na huku, na mume wangu hakumgusa hata neno moja. Hata moja! Mama alifariki kabla sijapata mtoto. Nilipojifungua Rehema, nikiwa mbali na watu wangu, aliyekuja na kuni kichwani, akachemsha maji, akanikanda, akanipikia uji wa mtama na kukaa nami mpaka nikasimama, alikuwa Mama Skolastika. Hakuitwa na mtu.

Basi Jumapili iliyopita nilichukua kuku na kitenge kipya, nikambeba Rehema mgongoni, nikaenda nyumba za mwisho. Nikapiga magoti. Nikamwambia sina mama hapa duniani, na kwamba kazi ya mama alishanifanyia, kwa hiyo nimekuja tu kuomba jina la mama nalo lije mahali pake.

Nikiri hapa ambapo hasomi mtu: niliondoka nyumbani na hila yangu kichwani, nimeipanga vizuri. Lakini nilipofika kwenye neno "mama" nililia kwa kelele mpaka Rehema naye akaanza. Hila ikapotelea huko. Mama Skolastika aliwaita majirani wawili wawe mashahidi, akampaka mtoto unga kidogo kwenye paji la uso, na mimi akanifuta machozi kwa kanga yake. "Wewe mwanangu zamani," akasema. "Ulichelewa kuuliza tu."

Baba Rehema nilimpa habari wakati wa chai.

"Umepata mkwe."

"Mkwe gani?"

"Mama Skolastika. Nimefanywa mwanawe, mbele ya mashahidi."

Alinitazama muda mrefu. Si mjinga mume wangu. Niliona akili yake inazunguka, inafika kwenye Alhamisi, inasimama. Akamaliza chai yake.

Alhamisi hii Mama Skolastika alipoingia uani, mume wangu aliinuka kitini haraka, akaamkia, "Shikamoo, mama," akachukua kigoda na kwenda kukaa kule nyuma karibu na banda la kuku. Watu wakatazamana. Habari zilikuwa zimeshafika kila nyumba, bila shaka. Tulisikiliza kipindi, tukazima. Nikauliza nani ana la kusema.

Kisha Mama Skolastika akasimama na kusema maneno yake yote toka mwanzo mpaka mwisho, kwa Kiswahili chake, na alipokwama akachomeka Kimwera na kuendelea. Nilikuwa namchungulia Baba Rehema. Nilimwona anameza. Kuna mahali alikohoa, akajishika goti kwa mikono miwili. Maskini, ilimuuma kama jino! Lakini hakutoa neno, na kwa kuwa yeye hakutoa neno kwa mkwe wake, ingekuwa aibu kulitoa kwa wengine. Mzee yule aliyeacha kuja alikuwa amerudi. Aliongea mpaka nikamwomba apumzike.

Jana ndiyo ilikuwa siku yenyewe.

Bwana maji aliteremka kwenye gari, kijana wa Dar es Salaam mwenye shati jeupe lililokuwa limeshageuka la kahawia kwa vumbi letu. Tulikutana chini ya kivuli cha darasa. Wakubwa wa kijiji wakasema kwanza, vizuri sana, kisima kiwe karibu na ofisi. Kisha Mama Skolastika akasimama.

"Sisi huku mwisho tunakwenda na giza, tunarudi na jua," akaanza. "Maji inakauka, watoto inakwenda shule haijanawa—"

Bwana maji akacheka. Hakucheka kwa ubaya, nafikiri alikuwa amechoka na barabara. "Mama, Kiswahili gani hicho sasa?" akasema. "Hebu sema vizuri tukuelewe." Wawili watatu wa upande wa ofisi wakacheka naye.

Mkono wa Mama Skolastika ukaenda kwenye kanga, pale anapojifunga kabla ya kukaa. Nikajua akikaa sasa, amekaa moja kwa moja, na watoto wa kule wataendelea kushuka bondeni gizani.

Nyuma kabisa kiti kikasogea.

"Bwana maji," ilikuwa sauti ya mume wangu, ile ya darasani. "Anayesema ni mkwe wangu. Mama mkwe akisema, sisi tunanyamaza. Mimi hapa ni mwalimu wa Kiswahili, na nimemwelewa neno kwa neno. Kama kuna ambalo halijakuelea, niulize mimi baadaye. Yeye mwache amalize."

Hakuna aliyecheka tena. Yule kijana akavua kofia, akasema, "Samahani, Mwalimu. Samahani, mama. Endelea." Na Mama Skolastika akaendelea. Akasema ya maji, ya miguu, ya mjamzito aliyeteleza na ndoo. Alipomaliza, mwanamke mwingine wa nyumba za mwisho akasimama, na mwingine, wakawa wanapokezana mpaka bwana maji akasema basi, twendeni nikaone. Akatembea mwendo wote kwa miguu na watu nyuma yake. Kigingi cha kisima amekipigilia kule, nyuma ya nyumba ya tatu kutoka mwisho. Nimekiona kwa macho yangu.

Njiani kurudi nilimshika mume wangu mkono hadharani, jambo ambalo sijawahi kulifanya Mandawa. Akaniacha nimshike. Tulipokaribia nyumbani akaniambia taratibu, "Lakini ni 'watoto wanakwenda'." Nikamwambia najua. Tukacheka wote wawili mpaka Rehema akaamka mgongoni.

Leo baada ya misa Mama Skolastika alinivuta pembeni. Nilidhani anataka kushukuru. Kumbe ana ujumbe, na kwa kuwa hawezi kuongea na mkwe wake uso kwa uso, unapitia kwangu. Kwa desturi ya hapa mkwe humlimia mama mkwe, na mvua ziko karibu kuanza. Kwa hiyo Baba Rehema aje Jumamosi asubuhi na jembe lake. Mume wangu! Tangu nimfahamu sijamwona ameshika kitu kigumu kuliko chaki.

"Mama," nikamwuliza, "sasa mtalima siku nzima bila kuongea?"

Alicheka mpaka akashika kiuno.

"Shambani hakuna mkutano, mwanangu. Na desturi hii tumeipindisha tayari mimi na wewe, tutaipindisha kidogo tena. Yeye alime mstari wake, mimi wangu, macho chini. Mwambie huko anifundishe Kiswahili yake yote mpaka achoke. Mimi nataka kujua. Ila si mbele za watu."

Bado sijamwambia. Acha ale kwanza.