Koenzaimu A na Kibuyu cha Mzee Kashaija

Jumatatu, 5 Machi 1956
Nimerudi zahanati yangu ya Bweranyange kutoka semina ya lishe ya Bukoba. Mgongo hauna hali kwa lile lori. Siku tatu za ubao! Daktari katuchorea njia panda ya ndani ya mwili, anaiita asetili koenzaimu A. Ukila ndizi, sukari yake inafika hapo. Maharage, nyama, maziwa — mwili ukizivunja asidi amino zake, yaani matofali ya protini, baadhi zinafika hapo hapo. Kutoka hapo mwili unapata nguvu, unaweka mafuta, unaunda hata asidi amino kadhaa. Kadhaa tu. Nyingine hauwezi kabisa, lazima ziingie kwa mdomo. Nikanyoosha mkono: basi mtoto wa ndizi tupu je? Akasema swali zuri. Akafuta ubao, tukaenda kunywa chai!

Maziwa ya unga aliyotuahidi hayakupakiwa. Yamesahaulika. Makaratasi ya michoro hayakusahaulika.

Jumanne, 6 Machi
Kembabazi kaja kutoka Chonyonyo na bintiye mgongoni, Natukunda, miaka miwili. Miguu imevimba, nikibonyeza kidole kinaacha shimo. Nywele nyekundu. Halii, hacheki. Aliachishwa ziwa mimba nyingine ilipoingia, na tangu hapo ndizi, ndizi, ndizi. Na ukoo wa mumewe una ng'ombe sitini! Nikafoka. Kembabazi kainamisha kichwa — maziwa anagawa baba mkwe, na ukame huu wanaanza wakubwa. Wakubwa!

Nimewalaza hapa zahanati. Nimeponda maharage, nimechuja maganda, nimemlisha vijiko vinne. Kisha nikatuma mtu kwa baba mkwe, Mzee Kashaija: mtoto nimemlisha maharage, sasa alete maziwa.

Alhamisi, 8 Machi
Jibu limekuja. Mzee anasema mtoto aliyekula maharage hanywi maziwa mpaka zipite siku mbili, la sivyo kiwele cha ng'ombe kitaoza. Kiwele! Na mtoto je?

Aliyemlisha ni mimi. Miaka mitano niko hapa, mwiko huu naujua kama Baba Yetu, nikausahau kwa sababu ya ubao wa Daktari. Mjinga mimi! Sasa nimnyime maharage, angojee maziwa ambayo huenda yasije? Siwezi. Nimeendelea kumlisha.

Jumamosi, 10 Machi
Saa nne asubuhi. Jana Natukunda alitapika kila kitu. Leo saa moja kameza kijiko kimoja cha maharage, basi.

Mzee Kashaija yuko mlangoni! Katembea tangu alfajiri, kibuyu kakifunika kwa jani la mgomba. Nikamwamkia shikamoo kwa shida. Kumbe kuna ng'ombe aliyezaa juzi, kamtenga kwa ajili ya mjukuu. Na mimi siku nne nzima namtukana moyoni. Nimeona aibu. Lakini kesho wanahamisha kundi, harudi mpaka mvua zikolee.

"Nesi, mwanangu," kaniambia, "mama yake simuulizi, atanificha. Wewe unasali. Mtoto kala maharage lini?"

Nikasema ngoja nitazame daftari. Daftari la chakula cha wagonjwa liko wazi mezani, mwandiko wangu: leo, saa moja, kijiko kimoja. Kijiko kimoja! Nimekaa nimempa mgongo, naandika katika hili langu la kila siku, yeye anadhani natafuta. Kembabazi ananitazama, midomo inamcheza. Natukunda kasikia harufu ya maziwa, kageuza kichwa — mara ya kwanza tangu aje. Mzee anakohoa. Anauliza tena, nimeona au bado —