Msokoto Mweusi wa Mshenga

Jumapili, 3 Juni 1956

Nimeamka, nimekohoa, nimefukuza kuku wa jirani kwenye mkeka wa mpunga. Misa sikwenda. Mguu. Padri atadhani ni uvivu, na hatakosea sana.

Saa nne akaja Kasiani, mtani wangu, kavaa koti lake la harusi. Nikashtuka. Kasiani havai koti bure, hata msiba wa kaka yake hakulivaa. Akakataa kukaa. Akaweka juu ya kigoda kitu kilichofungwa kwa jani la mgomba, akasema yeye leo ni mshenga. Katumwa na Liberati, kijana wa Masagati anayempikia yule mzungu mwinda mamba kule kivukoni. Anamtaka Skola.

Skola ni mjukuu wangu. Mama yake alifariki, nikamlea. Sasa ananilea yeye. Masagati iko nyuma ya Mlimba, siku nyingi kwa miguu. Akienda huko, ndiyo basi.

Nikafungua lile jani. Msokoto wa tumbaku! Mnene kama kidole gumba, mweusi kama mgongo wa kambale. Hauna karatasi, jani juu ya jani. Ya namna hii niliijua ujanani, nilipokuwa boi wa Mjerumani mmoja Mahenge. Nilikuwa naokota vipisi vyake. Toka hapo sijaiona tena.

Kwetu tumbaku ya mshenga haivutwi ovyo. Ukiivuta, umemtoa binti. Ukikataa, unairudisha nzima kama ilivyokuja. Kasiani atarudi Jumapili kuchukua jibu.

Jibu ninalo. Hapana.

Jumatatu, 4 Juni

Nimeunusa tu. Kunusa si kuvuta.

Mpishi anapata wapi kitu kama hiki? Kaiba kwa bwana wake. Lazima. Nikipata ushahidi, narudisha msokoto na matusi juu yake, na hakuna wa kunilaumu.

Skola kanipikia kambale kwa bamia, kanitengea na kichwa. Kichwa huwa anakula yeye. Huyu naye namtilia shaka.

Jumanne, 5 Juni

Nimewaza sana. Utamjuaje mwizi kama hujaonja mali? Hukumu lazima iwe ya haki.

Nikamwambia Skola aniletee kaa la moto, nataka kukausha ugoro. Akaleta kwenye kigae, hakuuliza neno. Nikazunguka nyuma ya ghala.

Kwanza pilipili kwenye ulimi. Halafu kahawa iliyokaangwa. Halafu, moshi ukishatoka, utamu wa sukari guru unabaki kwenye fizi. Moshi mzito, unaweza kuutafuna. Jasho likanitoka kipara kizima. Majivu ni ya kijivu, magumu, yanakaa hayadondoki. Aliyesokota anajua kazi. Mpishi wa Masagati? Thubutu. Huu ni wa Ulaya, mimi ndiye najua.

Nikakata palipoungua kwa kisu, nikaufunga tena kwenye jani. Umepungua pingili moja tu. Nitasema panya. Panya hawali tumbaku, lakini Kasiani si mtu wa kufikiri sana.

Jumatano, 6 Juni

Nimeonja tena. Ushahidi haukutosha.

Ukaanza kuungua upande mmoja. Nikafurahi, nikasema nimepata kasoro. Mvuto wa tatu ukajinyoosha wenyewe. Nimechukia. Kitu kizuri hivi kutoka kwa mtu nisiyemtaka.

Nilipoinuka kichwa kilizunguka. Mbuzi wa jirani kalia, mimi nikamwitikia marahaba.

Ijumaa, 8 Juni

Nimekwenda kivukoni na mguu wangu huu. Nimemkuta mzee anayechuna mamba, namjua zamani. Nikamhoji kwa mbali, kama vile napita tu. Kasema bwana wao anavuta kiko, misokoto haipendi hata kuiona. Hapo kwao hakijaibiwa hata kijiko.

Kumbe na Liberati yupo, anasugua sufuria. Akaja na masizi hadi kwenye viwiko, akainama, shikamoo babu. Nikamuuliza mbele ya watu msokoto kauiba wapi. Nilitaka akasirike. Hakukasirika. Akanawa, akanipeleka nyuma ya jiko.

Sanduku. Ndani majani ya tumbaku yamelazwa, yamekandamizwa kwa mawe. Ile harufu. Tumbaku ya mama yake, ya Masagati. Anayalundika yatoe jasho, anayageuza, anayafuta kwa maji ya asali, mpaka yawe meusi. Kusokota kajifunza kwa msokoto mmoja uliosahauliwa na mgeni wa bwana wake.

"Niliufumua, babu. Jani moja moja. Nikatazama kila jani lilivyolala."

Alisokota kumi, kasema, ikafaa miwili. Nikamuuliza wa pili uko wapi. Akatazama mtoni, akacheka kidogo. Kijana ana siri huyu.

Nimerudi taratibu. Mwizi hakuna. Na mimi niliyejua Ulaya sikujua Masagati.

Jumamosi, 9 Juni

Kimebaki kipisi. Vidole viwili. Asubuhi nilisema niguse kidogo tu. Shetani.

Kesho Kasiani anakuja na koti lake. Nitarudisha nini? Panya gani anakula tumbaku na kuacha majivu? Nimemtoa mjukuu wangu kwa kinywa changu, nyuma ya ghala, kama mtoto aliyeiba sukari. Naona aibu. Naona na hasira.

Skola akaja mkekani nilipokaa. Akaniwekea kitu magotini. Jani la mgomba. Nikafungua: msokoto mzima, pacha wa ule.

"Huu alinipa mimi, babu. Ukitaka kukataa, mrudishie Kasiani huu. Hakuna atakayejua."

Nikamuuliza alijua lini.

"Kaa la moto la kukaushia ugoro?" Akanitazama. "Ugoro unaanika juani, babu."

Nikamuuliza na yeye je, anataka nini. Akasema mpunga wa bondeni bado haujavunwa, na mimi siwezi kuvuna peke yangu. Akaenda kutwanga. Mchi ulishuka kwa nguvu kuliko mpunga unavyohitaji.

Nilikuwa namtilia shaka kila mtu. Wa kutiliwa shaka nilikuwa mimi.

Jumapili, 10 Juni

Kasiani kaja saa nne. Koti. Msokoto mzima nimeuweka juu ya kigoda. Akautazama, uso ukamshuka, akanyoosha mkono auchukue aende zake.

Nikamwambia atulie. Nikaita ndani.

"Skola. Lete kaa la moto."

Alichelewa. Akaja na kigae. Nikauwasha mbele yao wote wawili. Mvuto mrefu. Pilipili, kahawa, guru. Nikamwambia Kasiani aende akamwambie kijana kwamba tumbaku yake imevutwa, na asiongeze asali, inatosha.

Kasiani ndipo akakaa. Akaomba mvuto mmoja. Akakohoa mpaka akavua koti. Nilicheka, na Skola akacheka. Kisha akaingia ndani haraka.

Jumapili, 24 Juni

Leo nimekwenda Misa.

Mpunga wa bondeni tunaumalizia. Liberati kaja siku nne kuvuna, anavuna vizuri, sina la kusema. Kaninginizia mafungu ya tumbaku juu ya moshi wa jiko, kanionyesha namna ya kuyageuza. Yeye na Skola wataondoka tukishajaza ghala.

Jioni nimeuwasha tena ule wa pili. Nausema hivi: mwanzo mkali, katikati mtamu, mwisho mchungu. Si uchungu wa jani baya.

Skola anapepeta uani. Nausikia ungo.

Nimeuzima katikati. Nusu nimeirudisha kwenye jani lake. Nitaivuta siku akija kunisalimia.