Kitenge Kwenye Kiti cha Baiskeli

Jumapili, 8 Juni 2025. Gahanna

Birindwa amepiga simu baada ya ibada. Kaka yangu huyo hasalimii, anatangaza. Jumamosi tarehe 14, saa nne asubuhi, wakwe wanaleta mahari ya binti yake Alliance kule Buffalo. Mimi ndiye shangazi. Mmoja tu, hakuna wa akiba. Na kwetu binti hatoki chumbani mpaka shangazi amshike mkono. Donc, basi, ananihitaji — lakini kwa sharti. Nipande basi dogo la kanisa linalotoka Louisville, nikae karibu na Balagizi, niingie pale kama mke wake. "Wakwe waone nyumba nzima, hapana nyumba ya kupasuka."

Balagizi! Mume wangu huyo miaka minane sijala naye sahani moja. Nilijifunza baiskeli Louisville nikiwa na miaka 43, juu ya lile daraja la zamani la treni waliloachia watu wa miguu. Nilianguka mara 11. Ya 12 nilivuka mto mzima. Wiki ile ile akaitoa baiskeli yangu nje pamoja na takataka. Eti mwanamke wa Kabare hatanui miguu juu ya chuma. Alhamisi gari la taka lilipita. Ijumaa nilikuwa nimehama.

Na kitenge alichotuma Birindwa kimefika kwa posta. Maua ya rangi ya chungwa. Sawasawa na shati walilomshonea Balagizi.

Nimemwambia Birindwa: nitafika, lakini kwa njia yangu. Likizo niliomba toka Februari. Siku nne, kilomita 169, Gahanna mpaka Fredericksburg, karibu yote ni njia ya reli ya zamani, gari hairuhusiwi. Patricia, tunayetunza naye wazee kazini, Ijumaa anaenda Amherst, karibu na Buffalo, kumwona binti yake chuoni. Saa sita mchana atanichukua Fredericksburg na pickup yake. Jioni niko Buffalo. Hesabu imefungwa.

Akasema: "Weye dada, utakuja kwa mahari na velo? Utatuhaibisha." Nikamuuliza: mara ngapi nilipanda kwenda Bukavu na kilo 60 mgongoni, kamba ya mugozi ya kubebea mzigo inanikata paji la uso, na wewe unanipita juu ya baiskeli, mikono mitupu? Siku hizo haya ilikuwa imelala wapi?

Amekata.

Jumanne, 10 Juni. Centerburg

Kilomita 56. Nimetoka saa kumi na mbili na nusu. Mzigo kilo 14, mikoba miwili nyuma. Hema, mpira wa ndani mmoja, pampu, ugali wa jana, nguo ya sherehe. Kilo 14! Mtoto wa darasa la tano kwetu angenicheka.

Baada ya Westerville magari yameisha. Kabisa. Mahindi yanafika gotini, pande zote mbili, mistari kama daftari. Mabanda mekundu. Kimya mpaka nasikia mnyororo wangu. Kwa saa nzima nimekutana na mzee mmoja na mbwa wake. Amesema hali ya hewa nzuri. Nimekubali. Basi, mazungumzo yamekwisha, kila mtu na safari yake. Sijaulizwa bwana yuko wapi.

Kilomita ya 22 kiti kilianza kuniumiza. Nikatoa kitenge cha Birindwa, nikakikunja mara nne, nikakifunga juu ya kiti. Kinafaa sana. Kitambaa kizuri, sikatai.

Nimesimamisha hema peke yangu, dakika 9. Ile ya kambi ya wakimbizi nilipewa, tena ilivuja miaka sita. Hii nimenunua mwenyewe.

Jumatano, 11 Juni. Danville

Kilomita 52. Pancha moja baada ya Mount Vernon, tairi la nyuma — mwiba. Dakika 17 nikaendelea.

Zihindula, shemasi wa Louisville, ndiye ataendesha lile basi. Amepiga nikiwa na grisi mpaka kwenye kiwiko. "Mama Chimène, bado uko kwa njia ya ng'ombe?" Nikamwambia ng'ombe wako nyuma ya uzio, wana adabu kuliko watu fulani. Akacheka. Kisha kwa sauti ya mahubiri: Balagizi amebadilika, kiti chako tumekuwekea, usifanye moyo mgumu. Nikasema moyo wangu una afya, umepanda milima miwili asubuhi hii. Akasema ataniombea. Aombe.

Miguu inauma vizuri.

Alhamisi, 12 Juni. Millersburg

Siku ndefu. Niandike kwa utaratibu.

Asubuhi: daraja la mbao lenye paa juu ya mto, refu kama makanisa matatu. Nimelivuka mara mbili. Ya pili kwa raha tu.

Kisha njia imekatika. Nikaingia barabara ya vilima, kilomita chache lakini Mungu wangu! Gia ndogo kuliko zote na bado nilishuka nikasukuma. Kusukuma si kushindwa. Watu wa mpakani Ruzizi wanasukuma magunia maisha yao yote.

Baadaye njia imerudi, safari hii pana, upande mmoja baiskeli, upande mwingine farasi. Huku wanaishi wale Wakristo wasiotumia magari. Vigari vya farasi vinapita tok-tok-tok, wanaume wanainua kidole kimoja kusalimia. Na pale kwenye mwinuko wa Killbuck — mama mzee, gauni mpaka kwenye kifundo cha mguu, kofia nyeupe imefungwa chini ya kidevu, amepanda baiskeli. Amenipita! Nikakaza. Kumfikia, nimekuta ana betri. Tumecheka wote wawili. Ameuliza natoka wapi, nikasema Kongo. Ameuliza kama nimetoka huko na baiskeli. Nikasema karibu hivyo. Ana watoto 9, wajukuu 41, anapeleka mayai kwa dada yake. Gauni refu, kofia kichwani, anamcha Mungu kuliko shemasi, na yuko juu ya chuma. Moto haujashuka kutoka mbinguni. Nilitaka Birindwa amwone.

Saa tisa: Patricia kwa simu. Analia. Mkubwa wa kazi amemwekea zamu ya Ijumaa na Jumamosi, mtu hakuna, akikataa kazi imekwisha. Nimemwambia usilie dada, nenda kazini.

Bon, haya. Nihesabu. Basi la kutoka hapa: hakuna. Kutoka hapa mpaka Buffalo kwa baiskeli: siku nne, na mimi nina moja. Gari inayopita: moja tu. Ya Zihindula.

Nimemwandikia Alliance kweli yote. Amejibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake: Shangazi asipokuja, mimi sitoki. Mlango una ufunguo na ufunguo ninao. Halafu mstari mwingine: na usikae na yule mtu kwa ajili yangu.

Mtoto huyu nilimbeba mgongoni toka Kabare mpaka mpakani. Siku tatu. Alikuwa kilo 7.

Ijumaa, 13 Juni. Kando ya njia, karibu na Fredericksburg

Naandika haraka.

Saa tatu basi limefika Millersburg, kwenye stesheni ya zamani ambapo njia inaanzia. Jana nilimwambia Zihindula aje. Sikumwambia zaidi ya hapo. Nimeangalia ndani: viti 15, watu 14. Nafasi moja. Karibu na Balagizi. Walipanga hivyo toka Louisville!

Balagizi ameshuka. Shati la maua ya chungwa. Amezeeka, sikatai. Ameangalia baiskeli, ameangalia kiti, ameona kitenge. Mama mmoja ndani ya basi amesema, "Ee Yesu, amekikalia!" na watu wakacheka, hata mimi nusura.

Zihindula: "Velo tutaiacha hapa, mama. Nafasi hakuna." Na Birindwa kwenye simu, sauti wazi, basi zima linasikia: Alliance amejifungia, hali chakula, wakwe wako njiani, panda gari dada, panda tu, tutaongea baadaye. Nikamwambia tuongee sasa. Nitaingia kama shangazi. Si kama mke wa mtu. Akasema, "Utaniua."

Basi nikawaambia wote: Fredericksburg, maili 9, dakika 55. Nyinyi zungukeni kwa barabara, muningoje mwisho wa njia. Mpaka nifike muwe mumepanga upya — Balagizi kiti cha nyuma kabisa, velo juu ya gari. Zihindula akapiga honi, akasogeza basi mpaka kwenye nguzo zinazozuia magari. Nguzo ni tatu, za chuma. Nikapita katikati yake.

Njia ni tambarare. Mto upande wa kushoto, kunguru, majani marefu. Simu imelia mara nne. Sikupokea. Maili ya 5 nikaogopa kweli: na wakiondoka? Nitakuwa nimemkosa Alliance kwa ajili ya kiti. Nikapunguza mwendo. Halafu nikakaza tena, maana kurudi ni maili 5 na kwenda ni 4.

Hawajaondoka. Reli ya zamani imenyooka, nawaona kutoka hapa, mita 300 hivi. Nimekaa kwenye benchi, sisogei mpaka wapange viti. Zihindula amepanda juu ya basi, ana kamba mkononi, hajafunga kitu. Watu wameshuka wote, wamesimama juani, akina mama wanajipepea. Balagizi yuko kando ya mlango, begi lake chini. Hajalipeleka nyuma. Hajalirudisha mbele.

Wananiona. Mmoja ananipungia mkono.

Dakika 6 sasa nawangoja. Maji ninayo lita moja na nusu.