Sauti yangu jikoni kwa shangazi

Shoga, uko? Nimetoka kwa shangazi sasa hivi.

Unajua zile sauti ninazomrekodia kila asubuhi ili anisahihishe kilugha chetu? Miezi mitatu sijaruka hata siku moja.

Nafika mlangoni, nasikia sauti yangu inatoka jikoni. Yangu. Amewawekea wanawe, watu wazima na ndevu zao, wanacheka mpaka machozi.

Shangazi anawaambia eti, "Bado hamjasikia ya leo."

Ya leo. Kumbe ni kila siku.

Nikaingia, nikawasalimu wale wanawe kwa kilugha. Hakuna aliyeweza kuitikia. Hata mmoja. Shangazi akageukia sufuria.

Kesho narekodi kama kawaida, ila natuma kwenye grupu la ukoo, babu akiwemo. Nitawasalimu wale wanawe mmoja mmoja kwa jina. Kila asubuhi, mpaka waitikie.