Futi ya Bi Inshirah

Rihab, nimetoka wodini sasa hivi. Yule Daktari Shawkat unayemsifu, mkuu wetu wa wodi ya mahututi, hajui kazi. Basi, nimesema.

Bi Inshirah, yule muuza jibini wa mtaa wa Smouha, mapafu yamevimba na kujaa maji, mashine ndiyo inampumulia. Shawkat ameipanga kwa uzito wa mgonjwa. Kilo mia na kumi, kwa hiyo kila pumzi mililita mia saba. Mia saba, Rihab. Mapafu yatapasuka. Mashine inalia, yeye anakunywa kahawa.

Nikamwambia kwa sauti yangu hii ya panya, "Daktari, mapafu hayanenepi. Tunahesabu kwa urefu." Nikatoa futi ya mama ya kushonea, nikampima. Mita moja na nusu tu.

Akacheka mbele ya wauguzi wote. "Vipi binti, unampimia sanda?"

Sanda. Na binti wa mgonjwa yuko mlangoni, anasikia.

Nikaikunja futi. Alipotoka kupokea simu nikashusha kipimo cha mashine hadi mililita mia mbili na sitini, nikaongeza kasi ya pumzi, nikaandika saa na jina langu kwenye karatasi ya mgonjwa. Kelele ikakoma.

Akarudi, akamwambia yule binti, "Unaona? Nilijua mapafu yatazoea." Karatasi hata hakuitazama. Mjinga mwenye koti jeupe.

Binti akamshukuru. Kisha akanifuata kwenye korido, akaniuliza polepole, "Dada daktari, ile futi ilikuwa ya sanda kweli?"

Nikamwambia, "Hapana. Nilikuwa nampimia pumzi."