Shimo Chini ya Chumba cha Batoto

Siku ya kwanza, 7 Oktoba
Nimefagia chumba cha mitambo cha kampuni ya simu, nimepanguza kabati, nimeandika joto la chumba kwenye daftari. Jemima mgongoni, anaota meno, analia tu. Saa ine taa nyekundu ikawaka. Tata Ngoie, fundi wetu, akasema waya wa mwanga, ule unaobeba simu, umekatika huku mtaani Dilala. Lakini simu zote zinapita. Kuna kisanduku chenye kimiminika kati ya bioo, jamaa ya kile kilicho ndani ya kioo cha simu. Umeme ukikigusa kinajipanga upya, mwanga unapinda, unaingia waya mwingine, ule unaopitia Nzilo. Hakuna kinachosogea. Nimekitazama mpaka macho yakauma.

Siku ya pili, 8 Oktoba
Ni sisi.
Bwana yangu na mudogo wake banachimba kobalti ndani ya nyumba, chini ya chumba cha batoto. Wiki ya tatu sasa. Jana asubuhi wakatoboa tundu la hewa karibu na barabara, unakopita waya. Leo nimeona kipande cha waya mweusi kwenye udongo. Nikamuambia bwana.
“Mama Jemima, simu yako inaita ao haiite?”
“Inaita.”
“Basi tumekata nini?”
Wakacheka wote wawili. Kisanduku kimeficha kosa lao.

Siku ya tatu, 9 Oktoba
Kipimo kinatoka Lubumbashi, kitafika siku ya tano. Kinatuma mwanga ndani ya waya, unagonga palipokatika, unarudi, kinahesabu mita. Tata Ngoie anasema kitatupeleka mpaka kwenye mulango wa muntu. Fagio ikaniponyoka.
Bwana atafungwa buloko. Mi bila kazi. Batoto watatu.
Nikaendelea kufagia, nikimficha. Nimejichukia siku nzima.

Siku ya ine, 10 Oktoba
Mvua kubwa. Ukuta umepasuka juu ya kitanda cha batoto. Kidole changu kimeingia chote.
Sasa siogopi kipimo. Naogopa ukuta. Nawaogopea na wale wawili walio chini.
Nimehamisha batoto kwa bibi yao. Nikamuambia bwana: toka humo, ao mi nitasema.
“Siku mbili tu, tumekaribia. Utashitaki bwana yako?”
Nimefua nguo zote, hata zilizo safi.

Siku ya tano, 11 Oktoba
Nimefika kazini kabla ya kipimo kufika. Nikasema: tata, ni kwetu.
Nilifikiri atanifukuza palepale. Akauliza kitu kimoja: “Kuna bantu chini?”
“Biko, tata, wote wawili.”
Akawasha pikipiki yake, mi nyuma na Jemima. Tulipofika kwetu, akainama kwenye shimo, akapiga kelele: “Pandeni, bapumbavu! Munataka kujizika bila sanduku?”
Wakapanda. Bwana hakunitazama.
Ripoti yake inataja mahali palipokatika, na shimo. Jina la muntu halimo. Kuhusu kazi yangu, wakubwa wataamua. Tata Ngoie hakunidanganya, na mi sikumuomba anidanganye.

Siku ya posho (Jumamosi), 12 Oktoba
Wanafukia shimo tangu asubuhi. Udongo wote uliorundikwa nyuma ya jikoni unarudi ndani, toroli kwa toroli. Mudogo wake ananinunia.
Saa sita nimemupelekea bwana maji. Ameyanywa akiwa amesimama. Kisha akaniita ndani, akaruka mara tatu palipokuwa shimo, kwa nguvu, ili nione pameshikana.
Nimemuambia aongeze udongo.
Anaongeza.